Vidonge 180 na Bwawa Bado la Kijani

Maswali ya wasomaji. Anajibu fundi wa mabwawa ya kuogelea, Dar es Salaam.

Barua nyingi za mwezi huu zina neno moja: kijani. Ndivyo masika yanavyotuachia kila mwaka. Kabla sijajibu nina ombi kwa wote mnaoniandikia. Nitajieni urefu, upana na kina cha bwawa, na namba mlizopima siku ile ya kuandika. Anayeniambia tu kwamba “maji hayaeleweki” ananilazimisha kubahatisha, na kubahatisha ndiko kulikowafikisha wengi wenu hapa mlipo.

Fundi, habari za kazi. Nina bwawa nyumbani, mita 10 kwa 5, kina mita 1 upande mmoja na mita 2 upande wa pili. Mvua zilipoanza mwezi Machi lilibadilika rangi. Kijana anayelihudumia aliambiwa dukani atie vidonge viwili vya klorini kila siku, vile vikubwa vya gramu 200. Ametia bila kukosa, na sasa tumeingia Juni. Vijiti vya kupimia vinaonyesha klorini rangi nzito, pH ni 6.8, lakini maji ni ya kijani na kuta zinateleza. Nimetumia fedha nyingi na wajukuu wanakuja likizo. Je, kijana ananidanganya? (Bibi wa wajukuu watano, Mbezi Beach)

Shikamoo mama. Kijana hakudanganyi. Amefanya kila siku kile alichoagizwa, na kosa lilikuwa kwenye agizo. Naomba uanze kwa kumwambia hivyo, maana nina hakika naye halali vizuri.

Kile kidonge si klorini tupu. Zaidi ya nusu ya uzito wake hubaki majini kama asidi ya sianuriki, ambayo kazi yake ni kuikinga klorini isiliwe na jua. Kinga hiyo tunaihitaji. Maji yasiyo nayo, chini ya jua la Dar la saa saba mchana, hupoteza nusu ya klorini yake ndani ya saa moja au hata kabla. Shida ni kwamba klorini hufanya kazi ikaisha, lakini asidi ya sianuriki haiishi. Haipandi na mvuke, jua haliichomi, chujio la mchanga haliikamati. Hutoka pale tu maji yenyewe yanapotoka.

Tupige hesabu pamoja. Kina chako cha wastani ni mita 1.5. Kumi mara tano mara moja na nusu ni mita za ujazo 75, yaani lita 75,000. Kidonge kimoja cha gramu 200 huacha kama gramu 110 za asidi hiyo. Vidonge viwili kwa siku, kwa siku 90, ni vidonge 180. Mama, umetia karibu kilo 20 za kinga ya jua kwenye bwawa la nyumbani. Ukizigawa kwenye maji yote unapata kama miligramu 260 kwa kila lita. Mvua zimelifurisha bwawa mara kadhaa na kumwaga sehemu, kwa hiyo sidhani kama bado ni 260, ila ukipima ukakuta 150 sitashangaa. Inayotakiwa ni 30 hadi 50. (Ukiacha pH, namba zote ninazotaja hapa za klorini, asidi hii, ualkali na ugumu ni miligramu kwa lita.)

Ikizidi hivyo, kinga inageuka kifungo. Klorini imo na kijiti kinaiona, lakini imeshikwa, haiufikii mwani kwa kasi inayotakiwa, nao mwani unazaliana kuliko unavyokufa. Kila kidonge kipya kinakaza kifungo. Vidonge hivyo pia vina ukali wa tindikali, ndiyo maana pH, yaani kipimo cha utindikali wa maji, imeshuka hadi 6.8. Maji ya namna hiyo huchoma macho, hula saruji nyeupe ya kwenye viungo vya vigae, na kama una kipasha maji, huanza kuitafuna shaba iliyo ndani yake.

Kwanza upime asidi ya sianuriki yenyewe. Vijiti vingi havisomi vizuri hapo juu. Tafuta kipimo cha maji, kile ambacho unachanganya maji ya bwawa na dawa kwa kiasi sawa, yanakuwa meupe kama tui, kisha unamimina kwenye mrija huku ukitazama kitone cheusi chini yake. Pale kitone kinapopotea ndipo penye namba. Kipimo hicho kwa kawaida huishia 100, kwa hiyo punguza maji ya bwawa kwa maji safi nusu kwa nusu, upime, kisha zidisha jibu kwa mbili.

Halafu lazima umwage maji, hakuna dawa inayokwepa hilo. Ila usilimwage bwawa lote! Masika yamekwisha juzi tu na maji ya ardhini bado yako juu. Bwawa tupu huweza kusukumwa na maji ya chini likainuka kama mtumbwi, na likiinuka limepasuka. Mwaga nusu, jaza, washa pampu siku nzima, pima. Kisha mwaga nusu tena, ujaze. Kama ulianza na 200, mara ya kwanza unafika 100, mara ya pili 50. Ni maji mengi, najua, na bili itauma, lakini fedha iliyokwenda kwenye vidonge ilikuwa nyingi zaidi.

Maji mapya yakishatulia, pima ualkali, ambao ndio huizuia pH isiyumbe. Uwe kati ya 80 na 120. Ukiwa chini, unapandishwa kwa soda ya mkate ile ile ya jikoni, ukiinunua kwa mfuko. Kwenye bwawa lako, kupanda kwa 10 kunahitaji kama kilo 1 na robo. Ukikuta 50 na unataka 90, tia kilo 5, kwa mikupuo miwili, leo na kesho. pH ikae kati ya 7.2 na 7.6.

Hapo sasa ndipo mnaupiga mwani. Tumieni klorini ya unga, ile ya kalsiamu yenye nguvu ya asilimia 65, kwa sababu haileti asidi ya sianuriki. Subirini jua lizame. Kijana apige brashi kuta zote na ngazi, hasa nyuma ya ngazi ambako brashi huwa haifiki na mwani unakujua. Mfikishe klorini 20, ambayo kwenu ni kilo 2 na gramu 300 za unga. Ayeyushe kidogo kidogo kwenye ndoo iliyokwisha kujaa maji, amimine akizunguka bwawa. Pampu isizimwe usiku na mchana. Kila mshale wa geji ya chujio ukipanda kwa nusu baa juu ya pale ulipokuwa likiwa safi, alioshe kwa kurudisha maji nyuma. Siku ya pili au ya tatu kijani kitageuka kuwa majivu, yaani mwani umekufa. Wengi huacha hapo, wakafurahi mapema. Msiache. Rudisheni klorini pale pale 20 kila jioni mpaka mwone sakafu.

Kujua kama umemaliza kuna njia moja ninayoiamini. Pima klorini usiku baada ya jua kuzama, pima tena alfajiri kabla halijachomoza. Usiku hakuna jua la kuila. Kama imepungua zaidi ya 1, kuna kitu hai bado kinaila. Ikibaki palepale, ushindi ni wako. Wajukuu waingie klorini ikishuka hadi 3 au 4 na sakafu ikionekana wazi upande wa kina.

Vidonge vilivyobaki msivitupe. Vitafaa mkisafiri wiki moja, kimoja kimoja, ndani ya kile kikapu kinachoelea.

Shikamoo fundi. Nawapeleka wanangu kujifunza kuogelea kila Jumamosi. Wakitoka macho mekundu na wananuka klorini mpaka jioni. Je, wanazidisha dawa? (Mama wa watoto wawili, Mombasa)

Marahaba mwanangu. Yawezekana kabisa kwamba klorini haitoshi. Klorini safi majini hainuki sana. Harufu ile kali ni ya klorini iliyokwisha kukutana na jasho na mkojo ikafungamana navyo. Kitu hicho ndicho kinachochoma macho na kukwaruza koo, na kinaua vijidudu kwa unyonge mno. Muulize mhudumu namba mbili: klorini huru, yaani ile ambayo bado haijafungamana na uchafu, na klorini jumla. Toa ya kwanza kwenye ya pili. Jibu likizidi 0.4 maji yale yamechoka. Dawa yake ni kutia klorini nyingi kwa mara moja, kama mara kumi ya jibu hilo, usiku ambao hakuna anayeogelea, na kubadili sehemu ya maji.

Kwa upande wako, waoshe watoto kwa maji na sabuni kabla ya kuingia, na wapeleke chooni kwanza. Kila mtoto aliyeoga dakika moja kabla anawapunguzia wenzake machozi.

Fundi, nina gesti yenye bwawa dogo. Klorini ya unga imebaki kidogo, na nina vidonge vya zamani vilivyovunjikavunjika. Naweza kuvisaga nikavichanganya na unga kwenye ndoo moja ili nisipoteze? (Mwenye gesti, Bagamoyo)

Hapana, ndugu yangu. Kama umekwisha kuviweka karibu, vitenganishe leo kabla hujalala.

Unga wa kalsiamu na vile vidonge vyote vinaitwa klorini, lakini ni vitu viwili vinavyochukiana. Vikigusana, hasa penye unyevu kidogo, hupata moto, hutoa gesi ya klorini, na huweza kulipuka. Nimeliona kwa macho yangu. Mwaka 2004, katika hoteli moja ya pwani nilikokuwa nafanya kazi, mwenzangu alitumia kikombe kimoja cha plastiki kuchotea vyote viwili. Kikombe kilikuwa na vumbi la vidonge. Akakitia kwenye ndoo ya unga, akafunika, akatoka. Hatukufika hata mlangoni mwa jiko. Mfuniko uliruka, moshi wa rangi ya njano ukajaa stoo, na yeye aliyekimbia kurudi kuzima alilazwa siku nne kwa ajili ya mapafu. Alipona. Hadi leo akipanda ngazi anasimama katikati.

Kwa hiyo kila dawa iwe na kikombe chake, kimeandikwa kwa rangi isiyofutika. Ya unga rafu moja, vidonge rafu nyingine mbali, tindikali iwe chumba kingine kabisa au nje kwenye kivuli, kwa maana tindikali ikikutana na klorini yoyote ile hutoa gesi ileile. Stoo ipitishe hewa na isivuje. Na dawa ndiyo inayotiwa kwenye maji. Usimimine maji juu ya dawa, hata kama ni kusuuza tu mabaki ya ndoo.

Vidonge vyako vilivyovunjika vitumie kwenye kikapu kinachoelea, peke yake, mpaka viishe. Visitiwe kwenye skima (kile kidirisha cha ukutani kinachonyonya maji ya juu) iliyowahi kuwekwa unga.

Salamu fundi. Bwawa letu lina mita za ujazo 40, tunalijaza maji ya kisima. Kila nikitia tindikali pH inashuka hadi 7.4, kesho kutwa iko 8.2. Klorini inaonyesha 2 lakini maji hayana ule mng’ao. Na saruji ya kwenye vigae inaisha, inabaki kama mchanga. Ualkali nimepima 320, ugumu wa maji 30. Nakosea wapi? (Mhudumu wa bwawa, Arusha)

Asante kwa namba. Barua yako nimeisoma mara tatu kwa furaha, kwa sababu jibu limo ndani yake.

Hukosei, unapigana na mlima. Maji ya visima vinavyozunguka Meru yanapita kwenye miamba ya volkano, yanatoka na magadi mengi na chokaa kidogo mno. Ndiyo maji yaleyale yenye floridi inayowatia watoto wa huko meno ya kahawia. Ualkali wako wa 320 ni kama springi. Unaikandamiza pH kwa tindikali, ukiiachia inaruka kurudi 8.2.

Na pH hiyo inakuibia klorini. Klorini majini iko katika sura mbili, moja inayoua haraka na nyingine mvivu. Kwenye pH 7.2, karibu theluthi mbili ya klorini yako ni ile inayoua. Kwenye 7.5 ni nusu. Ikifika 8, imebaki kama robo. Kwa hiyo ile 2 yako, maji yakiwa 8.2, inafanya kazi ya chini ya nusu miligramu, na fedha yako nyingine inaelea tu.

Lazima ualkali ushuke hadi kwenye 100 au 120. Kwa mita za ujazo 40, kuuteremsha kutoka 320 kunataka kama lita 15 za tindikali ya asilimia 33. Usishtuke, na usiitie kwa siku moja. Tia lita moja jioni, pampu ikizunguka, kwa kumimina polepole upande wa kina mbali na vigae, ukiwa na miwani na glavu za mpira. Asubuhi pima. pH ikiwa juu ya 7.2, tia tena lita moja. Ikiwa 7.2 au chini, usitie. Elekeza midomo ya kurudishia maji ipige juu ya uso wa bwawa, au uache maporomoko yenu yafanye kazi mchana kutwa. Yale mapovu yanatoa gesi ya kaboni, pH inapanda yenyewe bila ualkali kupanda, kisha unatia lita nyingine. Itakuchukua wiki mbili hivi. Ikishafika 110 utaona pH imetulia kama mtu aliyeshiba.

Ukimaliza hapo ndipo ushike chokaa. Maji yenye ugumu wa 30, yaani kalsiamu kidogo mno, yana njaa, yanaitafuta kalsiamu popote, na penye kalsiamu bwawani ni saruji ya vigae. Yapeleke hadi 200 au zaidi kidogo. Kloridi ya kalsiamu isiyo na maji ndani yake, kama kilo 9, itakufikisha. Tahadhari yake ni kwamba inapoyeyuka ndoo inakuwa ya moto kweli, usiishike mikono mitupu. Ukitia kalsiamu kabla ya kuushusha ualkali, bwawa litakuwa kama maziwa. Fuata mpangilio huo.

Na klorini yako ya kila siku iwe ya unga wa kalsiamu. Kwa Arusha ni baraka, kila ukitia unalisha maji chokaa yanayoitamani. Msomaji wa Paje anayefuata nitamkataza unga huo huo. Nyote wawili mnasoma gazeti moja, ndiyo maana nawaweka jirani.

Assalamu alaikum kaka fundi. Nahudumia jakuzi la hoteli, lita 1,500, nyuzi 39. Wageni 12 hivi kwa siku. Wiki iliyopita wageni watatu walitoka vipele vyekundu, zaidi pale nguo ya kuogelea ilipobana. Meneja anasema ni mchanga wa pwani. Tunatia vidonge vidogo vya klorini asubuhi, maji tunabadilisha mwisho wa mwezi. Kipasha maji kimejaa magamba meupe. Nifanyeje? (Mhudumu wa jakuzi, Paje)

Waalaikumu salaam dada. Huo si mchanga. Vipele vya chini ya nguo iliyobana, vinavyotokea siku moja au mbili baada ya jakuzi, ni alama ya bakteria anayeitwa Pseudomonas. Maji yaliyobaki kwenye nguo yanambana kwenye ngozi. Kwa watu wengi vipele huisha vyenyewe, lakini wewe funga jakuzi leo. Mweleze meneja kwa heshima, na kama hataki kusikia, muonyeshe karatasi hii.

Watu hudhani jakuzi ni bwawa dogo. Fikiria lile bwawa la bibi wa Mbezi Beach, lita 75,000. Lako ni sehemu moja ya hamsini. Watu wanne wakikaa ndani ya jakuzi lako ni sawa na watu 200 wameingia bwawani kwake kwa mara moja, tena wote wanatoka jasho kwa sababu ya moto, na mapovu yanawapekecha. Klorini ya asubuhi imekwisha kabla ya chakula cha mchana. Kuanzia hapo wageni wanakaa kwenye supu.

Joto la vuguvugu pia ndilo linalompendeza Legionella, bakteria wa ugonjwa mbaya wa mapafu, ambaye mvuke na mapovu humpandisha hewani mtu akamvuta. Februari 1999, kwenye maonyesho ya maua huko Bovenkarspel, Uholanzi, jakuzi lililowekwa kwa ajili ya kuonyeshwa tu liliwaambukiza watu wanaopita. Waliofariki hawakupungua 32. Wengi wao hawakutia hata kidole majini. Naliandika hili kwa sababu najua jakuzi lako liko karibu na meza za chakula, kama yalivyo mengi ya upande huo.

Fanya hivi. Kabla ya kumwaga, tia dawa ya kusafishia mabomba ya jakuzi na uyaendeshe mapovu kama maelekezo yake yanavyosema. Utaona uchafu wa kahawia unatoka usiouamini. Ni ule utando unaojenga ndani ya mabomba, na bakteria wanajificha humo klorini isiwafikie. Mwaga. Sugua. Toa kikatriji cha chujio, kama kimelegea nunua kipya. Jaza, tia klorini 20, zungusha saa 10 mapovu yote yakiwa wazi, mwaga tena, ndipo ujaze ya kutumia.

Baada ya hapo klorini huru isishuke chini ya 3 hata saa moja ya kazi. pH kati ya 7.2 na 7.6. Pima asubuhi, mchana, jioni, na kila baada ya kundi kubwa, uandike kwenye daftari. Vile vidonge viache, vyenye asidi ya sianuriki havifai kwa jakuzi, utajikuta kwenye shimo la bibi wa Mbezi ndani ya wiki. Unga wa kalsiamu nao uache. Maji ya visima vya Paje yanatoka ndani ya jiwe la matumbawe, ambalo ni chokaa tupu. Ukiyapasha moto, ukayapiga mapovu pH ikapanda, chokaa inakimbilia kwenye kipasha maji. Hayo ndiyo magamba yako. Tumia klorini ya maji ya asilimia 10 au 12, mpya, iliyokaa kivulini. Na kama hoteli inavuna maji ya mvua, omba jakuzi lipewe hayo, hata nusu kwa nusu na ya kisima.

Mwisho wa mwezi ni mbali sana. Kanuni ninayoitumia: gawanya lita kwa 11, kisha gawanya kwa idadi ya wageni wa siku. Elfu moja mia tano kwa 11 ni 136, kwa 12 ni siku 11. Siku ya kumi na moja mwaga, hata kama maji yanang’aa. Na joto lisizidi nyuzi 40.

Nilianza kazi hii 1998, upande huohuo wa mashariki ya Unguja, kijana wa kushika wavu. Hakuna aliyenifundisha kupima. Mzee mmoja aliyekuwa akichota maji ya kisima alinionyesha birika lake la chai lenye ganda jeupe nene ndani, akasema, “Bwawa lako linakunywa haya haya.” Nimejifunza kutoka kwenye birika lile kuliko kwenye makopo yote niliyoyasoma baadaye.

Babu yangu anasema zamani walisafisha maji kwa shabu, na kuua utelezi kwa mrututu. Vinafaa bwawani? (Kijana wa Tanga)

Babu yako anajua mambo. Shabu hukusanya vumbi linaloelea likawa mafungu, likazama. Bwawa likiwa na ukungu baada ya mwani kufa, shabu iliyoyeyushwa, pampu ikizimwa usiku kucha, huliacha jeupe asubuhi. Lakini uchafu uliozama lazima uvutwe na kutupwa nje moja kwa moja, ukiupitisha kwenye chujio unaziba mchanga. Na shabu hula ualkali, kwa hiyo pima kabla na baada.

Mrututu ni shaba. Unaua mwani kweli. Ila hautoki majini, huacha madoa ya kijani na meusi kwenye plasta, na nywele nyeupe za wageni hugeuka kijani. Kwa bwawa lenye klorini iliyopimwa vizuri sioni kazi yake. Mpe babu salamu zangu.

Mwalimu wa kuogelea hapa. Mtoto wa chekechea amejisaidia bwawani. Wazazi wanataka tulimwage lote. Ni lazima? (Nyali)

Mwalimu, inategemea. Kama ni choo kigumu, si lazima. Toa watoto wote, kiokote kwa wavu au ndoo, usikivute kwa vakyumu. Klorini huru iwe 2 au zaidi, pH 7.5 au chini, subiri nusu saa, na wavu uutumbukize humo humo uoshwe. Mnaweza kuendelea na somo.

Kama ni kuhara, funga bwawa siku hiyo. Kuna kimelea kinaitwa Cryptosporidium ambacho kwenye klorini ya kawaida ya 1 huishi zaidi ya wiki. Kumuua kunataka klorini 20 kwa karibu saa 13 mfululizo, pH isizidi 7.5, kwenye maji yasiyo na asidi ya sianuriki. Kama mnatumia vidonge, asidi hiyo mtakuwa nayo, na saa zitaongezeka sana. Hapo kumwaga sehemu kubwa kwanza kunaweza kuwa rahisi zaidi. Osha chujio kwa kurudisha maji nyuma, maji hayo yatoke nje kabisa, yasirudi bwawani. Klorini ikishuka hadi 3, fungua.

Na mtoto mwenyewe akae nje ya maji wiki mbili baada ya tumbo kupona, hata akionekana mzima. Mwambie mama yake faraghani, asisikie kwa wazazi wengine.